Barabara ya Kendu Bay: Njia yake, nambari zake na maana ya herufi C

MSAFIRI anayetoka Kisumu kuelekea Homa Bay huiacha barabara kuu ya A1 katika kituo cha Katito, akapinda kulia na kuanza kuufuata ufuo wa Ghuba ya Winam. Kuanzia hapo, Ziwa Victoria huonekana na kupotea upande wa kulia, milima ya Nyakach na ya Rachuonyo ikiwa upande wa kushoto. Barabara hiyo ndiyo uti wa mgongo wa maeneo ya kaskazini mwa Kaunti ya Homa Bay, na mji wa Kendu Bay umekaa katikati yake.

Kwa miaka mingi ramani na nyaraka za Serikali ziliitambua barabara hii kwa nambari C19. Wengi wanaoitumia kila siku hawaijui nambari hiyo. Wao huiita tu "barabara ya Kendu" au "barabara ya Homa Bay", kutegemea wanakokwenda. Hata hivyo, herufi na nambari hizo si mapambo ya wachoraji wa ramani. Ndizo zilizoamua kwa muda mrefu barabara ingetunzwa na nani, kwa pesa za mfuko upi, na mwananchi mwenye malalamiko angebisha katika afisi gani. Makala haya yanaeleza njia ya barabara hii, historia yake tangu enzi za meli za mvuke, na jinsi herufi C ilivyobadilika maana.

Njia yenyewe

Katito imo katika eneo la Nyakach, Kaunti ya Kisumu, kusini mwa Ahero. A1 inapofika hapo huendelea kupanda kuelekea Sondu, Oyugis na Kisii. Barabara ya Kendu Bay huachana nayo na kuelekea magharibi, ikipitia Pap Onditi na nyanda za chini za Nyakach, maeneo ambayo udongo wake mweusi hunata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi.

Kizuizi kikubwa cha kwanza ni mto Sondu-Miriu, ambao huteremka kutoka nyanda za juu za Kericho na kumwaga maji yake ziwani kati ya Katito na Kendu Bay. Hakuna barabara inayoweza kuufuata ufuo huu bila kuuvuka. Ni mto huo ambao maji yake huzalisha umeme katika kituo cha Sondu Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, na cha Sang'oro, chenye uwezo wa megawati 21.

Baada ya hapo msafiri huingia Kaunti ya Homa Bay na kufika Kendu Bay, makao makuu ya Rachuonyo Kaskazini. Mji huu una sura mbili. Kuna mji wa kale, karibu na ziwa na gati, wenye majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi na msikiti wa miaka mingi, na kuna mji mpya uliokua kandokando ya barabara. Karibu na mji hupita mito ya Awach Kibuon na Awach Tende, ambayo huleta rutuba kwa wakulima na mafuriko kwa wanaoishi mabondeni.

Katika Kendu Bay ndipo huchipuka njia nyingine muhimu, ile inayopanda kusini kupitia Kosele hadi Oyugis, ambako hukutana tena na A1. Kwa hivyo Katito, Kendu Bay na Oyugis hufanya pembetatu: upande mmoja ni A1, na pande mbili zilizobaki ni barabara zinazokutana Kendu Bay.

Kutoka Kendu Bay barabara huendelea magharibi. Nje kidogo ya mji kuna Ziwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno lenye maji ya magadi, ambalo wakati mwingine hupambwa na makundi ya heroe. Masimulizi ya Waluo husema kwamba hapo palikuwa na kijiji, na kwamba kilididimia usiku mmoja baada ya wakazi wake kumnyima chakula na malazi bikizee aliyefika wakiwa katika sherehe. Akanusurika yule tu aliyemkirimu. Eneo hilo la Karachuonyo ndilo pia lenye kijiji cha Kanyadhiang, alikotoka Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, kabla ya kuhamia Kogelo katika eneo la Siaya.

Barabara huupita mzizi wa rasi ya Homa, Mlima Homa ukiwa upande wa kaskazini, kisha hufika Homa Bay, makao makuu ya kaunti. Hapo huungana na ile itokayo Rongo kupitia Rodi Kopany. Safari ikiendelea magharibi huishia Mbita, mkabala na Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Kutoka Mbita, mwenye kutaka kuendelea kusini hupitia Sindo na Magunga hadi Sori, kwenye ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori.

Kabla ya nambari: Enzi ya gati

Ili kuielewa historia ya barabara hii ni lazima kwanza kuyatazama maji. Reli ya Uganda ilifika ufuoni mwa ziwa mwaka wa 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Meli za mvuke zikaletwa vipande vipande kwa reli na wapagazi, zikaunganishwa papo hapo ufuoni. Ya kwanza, William Mackinnon, iliingizwa majini mwaka wa 1900, na miaka michache baadaye zikafuata Winifred na Sybil.

Kwa watu wa Nyanza Kusini, meli hizo ndizo zilizokuwa barabara kuu. Kati yao na Kisumu kulikuwa na mabwawa, mito isiyo na madaraja na udongo usiopitika katika masika. Kwa maji, safari ilikuwa ya saa chache. Kendu Bay, ikiwa ng'ambo ya ghuba kutoka Kisumu, ikawa mlango wa eneo zima. Pamba, simsim, mahindi na ngozi zilipakiwa hapo. Nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa yakashushwa.

Mlango huo ulipitisha dini na elimu pia. Mwishoni mwa mwaka wa 1906, Arthur Carscallen, raia wa Canada, na Peter Nyambo, kutoka nchi inayoitwa Malawi leo, walivuka ghuba kutoka Kisumu na kuanzisha misheni ya Waadventista wa Sabato juu ya kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Misheni hiyo ilikuja kuwa na shule, hospitali na mtambo wa kuchapisha vitabu. Wafanyabiashara Waislamu nao walijenga msikiti, na Kiswahili kikawa lugha ya soko la Kendu kabla barabara yoyote kuwekwa changarawe.

Mwaka wa 1914 umuhimu wa kijeshi wa mlango huo ulidhihirika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika na kuingia Kisii mwezi Septemba. Waingereza hawakuwa na barabara ya kuwapeleka askari wao huko kwa haraka kutoka Kisumu. Walichofanya ni kuwapakia askari wa King's African Rifles kwenye meli, wakawashusha Kendu Bay, na kutoka hapo wakatembea kwa miguu kupanda hadi Kisii, ambako vita vilipiganwa Septemba 12.

Tukio hilo laonyesha jambo ambalo ramani ya leo inalificha. Njia kuu ya kale haikuwa ile ya kutoka mashariki kwenda magharibi kando ya ziwa. Ilikuwa ile ya kutoka kaskazini kwenda kusini: meli kutoka Kisumu, gati la Kendu, kisha mguu na baadaye gari kupitia Oyugis hadi Kisii. Kendu Bay ilikuwa mwanzo wa njia, wala si kituo cha kupita.

Barabara yaipita gati

Hali hiyo ilibadilika polepole. Kadiri madaraja yalivyojengwa na magari kuongezeka, barabara ya nchi kavu kutoka Ahero kupitia Katito, Sondu na Oyugis hadi Kisii ilizidi kupata nguvu. Mfanyabiashara wa Kisii hakuhitaji tena kuingoja meli. Lori lilipakia mzigo mlangoni pake na kuushusha Kisumu au Nairobi.

Miaka ya 1961 hadi 1964 ilileta pigo jingine. Mvua zisizo za kawaida zilipandisha maji ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, na maeneo mengi ya ufuoni yakafunikwa. Magati na maghala yaliyojengwa kwa kipimo cha maji ya zamani yaliathirika kote kandokando ya ziwa.

Huduma za meli hazikufa mara moja. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliendelea kuendesha vyombo vya abiria katika ghuba, na wazee wa eneo hili bado hukumbuka majina kama Alestes na Reli. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, mali ya shirika hilo iligawanywa kati ya nchi tatu, na usafiri wa ziwani ukadhoofika. Katika miaka ya 1990 gugumaji likaziba ghuba. Kufikia wakati huo abiria na mizigo ya Kendu Bay ilikuwa imehamia barabarani.

Herufi tano

Ni katika kipindi hicho cha mabadiliko, miaka ya 1970, ambapo Serikali ya Kenya ilizipanga barabara zake zote katika madaraja matano makuu na kuzipa herufi na nambari. Utaratibu huo ulidumu kwa takriban miongo minne, na maana zake zilikuwa hizi:

Herufi A ilikuwa ya barabara za kimataifa, yaani zile zinazounganisha vituo vyenye umuhimu wa kimataifa na kuvuka mpaka au kuishia kwenye bandari ya kimataifa. Herufi B ilikuwa ya barabara za kitaifa, zinazounganisha vituo vyenye umuhimu wa kitaifa. Herufi C ilikuwa ya barabara za msingi, zinazounganisha vituo vyenye umuhimu wa kimkoa, ama vyenyewe kwa vyenyewe au na barabara za daraja la juu. Herufi D ilikuwa ya barabara za upili, zinazounganisha vituo vya kienyeji. Herufi E ilikuwa ya barabara ndogo za vijijini.

Zaidi ya hizo tano kulikuwa na barabara za shughuli maalumu, nazo zikapewa herufi zilizoendana na kazi zake: S kwa maeneo ya miwa, T kwa majani chai, W kwa ngano, L kwa mashamba ya makazi, R kwa barabara za kufikia vijiji na G kwa zile za kufikia majengo ya Serikali.

Katika mpango huo, barabara iliyotoka Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, ikapitia Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, Katito, Ahero, Kisumu, Kakamega na Kitale hadi Lodwar na Lokichoggio, ilipewa hadhi ya juu kabisa: A1. Ilistahili, kwa kuwa upande mmoja iligusa Tanzania na upande wa pili ikaelekea Sudan. Ng'ambo ya mpaka, kutoka Sirari kwenda Musoma na Mwanza, Tanzania leo huitambua njia hiyo kama T4.

Si barabara zote za kimataifa zilizobadilisha nambari mpakani. A109 ilianzia Mombasa na jina hilo likatumika hata Uganda, na A104 ilitoka Tanzania ikaingia Kenya kupitia Namanga. Ndiyo sababu nambari hizo mbili zilikuwa na tarakimu tatu, ilhali A1, A2 na A3 zilikuwa na moja. Zilikuwa masalio ya fikira ya Afrika Mashariki yenye mtandao mmoja.

C19 na jirani zake

Barabara ya ufuoni, kutoka Katito kupitia Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, haikuvuka mpaka wowote. Haikuishia kwenye bandari iliyohesabiwa kuwa ya kimataifa. Kilichoipa hadhi ni kwamba iliunganisha Homa Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyanza Kusini, na A1 iendayo Kisumu, makao makuu ya mkoa. Kwa kipimo hicho ikapewa herufi C, na nambari yake ikawa 19. Jirani yake, inayoshuka kutoka Rongo hadi Homa Bay, ikawa C20.

Tazama basi kilichotokea. Oyugis, ambayo katika enzi ya meli ilikuwa kituo cha njiani kati ya gati la Kendu na Kisii, sasa ilikuwa kwenye A1. Kendu Bay, iliyokuwa mlango, ikawa kwenye daraja la tatu. Hakuna afisa aliyeketi na kuamua kuushusha mji hadhi. Vigezo vilihesabu mipaka na makao makuu ya utawala. Gati lililokuwa likififia halikuwa na uzito katika mizani hiyo. Lakini vigezo hivyo viligeuka kuwa bajeti, na bajeti ikageuka kuwa lami au vumbi.

Kipande cha Homa Bay hadi Mbita ni ushahidi mzuri. Kilikuwa na nambari ileile ya C19, lakini kilibaki bila lami kwa muda mrefu baada ya wenzake, na abiria wa Mbita walizoea kufika Homa Bay wakiwa wamebadilika rangi kwa vumbi. Kiliwekwa lami baada ya mamlaka mpya ya barabara kuu kuundwa. Tuta la mawe lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha Mbita na Rusinga, ambalo lilizuia maji kupita, nalo baadaye likapokewa na daraja.

Kwa hivyo nambari haikuwa ahadi ya lami. C19 ilikuwa na uso wa aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Herufi ilieleza kazi ya barabara katika mtandao, haikueleza hali yake. Kosa la kuchanganya mambo hayo mawili bado ni la kawaida: mtu husikia "barabara kuu" akadhani ni lami, au huona lami akadhani ni barabara kuu.

Sheria ya 2007 na mgao wa pesa

Mwaka wa 1993 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha ushuru wa matengenezo ya barabara, unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka wa 1999 ikapitishwa sheria ya kuunda Bodi ya Barabara nchini ili kusimamia pesa hizo. Hapo herufi zikapata thamani ya fedha kwa namna iliyo wazi: asilimia 57 ya mapato ilitengewa barabara za A, B na C, asilimia 24 ikaenda kwa barabara za mashambani katika wilaya, asilimia 16 ikagawanywa sawa kwa maeneobunge, na asilimia 3 ikabaki kuendesha Bodi yenyewe.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliivunja kazi iliyokuwa mikononi mwa idara moja ya wizara na kuigawa kwa mamlaka tatu. Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) ilikabidhiwa barabara za A, B na C. Mamlaka ya Barabara za Mashambani (KeRRA) ikapewa D na zilizo chini yake. Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA) ikapewa zile za miji. Mgao nao ukabadilishwa: asilimia 40 kwa KeNHA, asilimia 32 kwa KeRRA, ambapo 22 ni za maeneobunge, na asilimia 15 kwa KURA. Zilizobaki zikaenda kwa Waziri, Bodi na Shirika la Wanyamapori.

Kwa mkazi wa Kendu Bay hilo lilikuwa na maana hii. Barabara ya Katito hadi Homa Bay, kwa kuwa ilikuwa C, iliangukia upande wa KeNHA pamoja na A1. Njia ndogo za kuteremka ziwani, za kwenda kwenye fuo ambako akina mama hununua omena na ngege, ziliangukia upande wa KeRRA. Mashimo mawili yaliyo mita mia moja kutoka jingine hadi jingine yangeweza kuwa na wenyewe wawili tofauti.

Mabadiliko ya 2016

Katiba ya 2010 ilileta swali jipya. Jedwali la Nne liliipa Serikali ya Kitaifa "barabara kuu za kitaifa" na serikali za kaunti "barabara za kaunti", bila kutaja A, B, C, D wala E. Ilibidi barabara zote zipangwe upya.

Mpango mpya ulichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali Januari 22, 2016. Ulihesabu jumla ya kilomita 161,451 za barabara nchini. Kati ya hizo, takriban kilomita 39,995 zilitajwa kuwa za kitaifa na kilomita 121,456 kuwa za kaunti. Herufi S, ambayo zamani ilikuwa ya njia za miwa, sasa ikawa ya barabara kubwa za mwendo wa kasi. A, B na C zikabaki za kitaifa, na D kwenda chini zikawa za kaunti.

Nambari nyingi zilizozoeleka zilitoweka. A109 kutoka Mombasa hadi Nairobi, pamoja na sehemu ya A104 kutoka Nairobi hadi Malaba, ziliunganishwa kuwa A8. B1 iliyotoka Mau Summit kupitia Kericho na Kisumu hadi Busia ilipandishwa na kuwa A12. Barabara ya Isebania, Kisii na Ahero iliendelea kuitwa A1, na ni kwa jina hilo ilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Badiliko kubwa zaidi kwa eneo kama Kendu Bay halikuwa la nambari bali la maana ya herufi. Chini ya mpango wa zamani, C ilikuwa ya KeNHA. Chini ya mpango mpya, KeNHA ilibaki na S, A na B, na C za mashambani zikawa chini ya KeRRA. Aidha, D, ambayo ilikuwa ya KeRRA, ikawa ya kaunti. Herufi ileile, katika nyaraka za miaka miwili tofauti, huelekeza kwenye milango miwili tofauti.

Hapa ndipo wengi hupotea. Nyaraka za zamani, ripoti za wahandisi, ramani zilizobandikwa kwenye kuta za afisi na hata vibao vingine vya barabarani bado hutaja C19 na C20. Anayezitumia nambari hizo kuandika malalamiko leo anataja mpango uliokwisha kubadilishwa mwaka wa 2016. Barua yake huweza kuzunguka kutoka afisi hadi afisi, kila mmoja akisema barabara hiyo si yake, nalo shimo likizidi kupanuka.

Ugomvi wa magavana na wabunge

Kupangwa upya kwa barabara hakukumaliza mzozo, kwa sababu pesa hazikufuata kilomita. Kaunti zilikabidhiwa sehemu kubwa ya urefu wa barabara, lakini sheria ya mgao ilikuwa bado imeandikwa kwa lugha ya mamlaka za kitaifa. Magavana walidai wapewe sehemu ya ushuru wa mafuta kwa kuwa barabara za mashambani ni zao kikatiba. Wabunge walishikilia kwamba pesa za KeRRA za maeneobunge ziendelee kama zilivyokuwa.

Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mzozo ukawaka upya, safari hii kuhusu Sh10.5 bilioni ambazo magavana walisema ni haki ya kaunti na wabunge wakakataa. Suala hilo lilifika mahakamani.

Mwendeshaji bodaboda wa Kendu Bay hulipa ushuru huo kila anapoweka petroli, awe kwenye lami ya kwenda Homa Bay au kwenye njia ya udongo ya kuteremka ufuoni. Halipi kidogo zaidi kwa sababu njia yake ina herufi ya chini. Hicho ndicho kiini cha hoja ya wanaotaka mgao uangaliwe upya. Wanaowapinga husema kwamba barabara kuu hubeba malori mazito, na kwamba zikiharibika, nchi nzima husimama. Hoja zote mbili zina uzito wake, na zote mbili hupimwa kwa herufi.

Ziwa larudi

Wakati watu wakibishana kuhusu nambari, ziwa limekuwa likikumbusha kwamba lilikuwa hapo kwanza. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mwaka wa 2024 yakapanda tena. Fuo, mashamba na nyumba za Rachuonyo Kaskazini ziliathirika. Mito ya Sondu-Miriu na Awach, ikifurika wakati ziwa nalo limejaa, hukosa pa kumwaga maji, nayo hurudi nyuma mabondeni.

Barabara ya ufuoni ipo kati ya nguvu hizo mbili: maji yanayoteremka mlimani na maji yanayopanda ziwani. Madaraja na makalvati yake ndiyo huamua kama Kendu Bay itaendelea kuwasiliana na Katito na Homa Bay wakati wa masika. Daraja moja likikatika, lazima magari yazunguke kupitia Oyugis au Rongo, na nauli hupanda siku hiyohiyo. Mgonjwa anayepelekwa Kisumu, samaki walio kwenye barafu na mwanafunzi anayerudi shuleni, wote huisikia gharama hiyo.

Jinsi ya kuisoma nambari ya barabara

Kwa msomaji anayetaka kufuatilia hali ya barabara yake, mambo manne yafaa kukumbukwa.

Kwanza, kila nambari isomwe pamoja na mwaka wake. C19 ni nambari ya mpango wa zamani, uliotumika hadi 2016. Waraka wowote wa kabla ya mwaka huo uchukuliwe kuwa ni historia, si mwongozo wa leo.

Pili, herufi hueleza kazi na mwenye kuitunza barabara, wala haielezi kama ina lami. Barabara ya kaunti yaweza kuwa na lami nzuri, na ya kitaifa ikawa na mashimo.

Tatu, anayeandika malalamiko ataje vituo viwili ambavyo kipande kibovu kipo kati yake, kwa mfano "kati ya Pap Onditi na daraja la mto Miriu". Nambari hubadilika, majina ya vituo hudumu. Malalamiko yaliyotaja mahali hayawezi kukataliwa kwa hoja kwamba nambari imekosewa.

Nne, orodha ya mwaka wa 2016 ni waraka wa umma uliochapishwa katika Gazeti Rasmi. Mwananchi, chifu, diwani na mbunge wote wana haki ya kuutazama kabla ya mikutano ya bajeti. Anayefika kwenye kikao cha kaunti kuomba ukarabati wa barabara ambayo ni ya KeRRA au KeNHA hupoteza siku yake, na anayekwenda kwa KeNHA kuhusu njia ya kaunti hurudishwa vivyo hivyo.

Kendu Bay ilikuwa mlango wa Nyanza Kusini wakati ambapo haikuwa na nambari yoyote. Ikapewa herufi ya tatu wakati meli zilipokuwa zikiondoka, na baadaye herufi yenyewe ikabadilishwa maana. Katika vipindi vyote hivyo njia imebaki ileile: kutoka Katito, kuvuka Miriu, kuingia Kendu, kuupita Mlima Homa na kushuka Homa Bay. Wanaoipita kila siku hawahitaji kuijua nambari ili wafike waendako. Wanaihitaji siku ile daraja litakapokatika, ili wajue ni mlango upi wa kubisha.